Ukumbi Mpya Ubavuni mwa Nyumba ya Kale



Tumeulizwa namna ya kuiongezea nyumba kongwe ya mandir ukumbi wa kisasa. Twaanza na udongo. Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Kuta za kale za matofali ya udongo zimekwisha kutulia. Jengo jipya la zege litaanza kutulia leo. Tukiyafunga pamoja, moja litalivuta jingine, na ufa utafuata.

Kwa hiyo ukumbi usimame uani, juu ya msingi wake wenyewe, ukitenganishwa na ukuta wa kale kwa mwanya mdogo. Mlango wa uani uliopo uwe njia ya kuingilia. Ukuta wa kale upigwe lipu ya chokaa, kwani saruji huzuia unyevu kutoka. Maji ya mapaa yote yaelekezwe mbali na misingi.

Baraza ya mbele isibomolewe. Kwenye baraza za namna hii wenye maduka na wakulima wa pamba walikaa pamoja na kufahamiana.

Kugusa jengo la kale ni jambo la uhai wa watu. Jumba la Beit el-Ajaib, Zanzibar, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Basi mhandisi apime kwanza, ndipo fundi ashike sururu.