Marufuku, Kura na Jani la Miraa



Miraa huchumwa asubuhi katika mashamba ya Igembe, kaunti ya Meru. Hupangwa vibunda, ikafungwa kwa majani ya mgomba isinyauke, kisha pikapu zikaiteremsha mbio hadi Nairobi, maana baada ya siku mbili hivi makali yake yamepungua na bei imeanguka. Kwa miaka mingi sehemu ya mzigo huo ilipanda ndege kwenda London. Katika mwaka wa fedha wa 2011/12 Uingereza iliingiza zaidi ya tani 2,500, na hazina yake ikavuna kodi. Tarehe 24 Juni 2014 jani lilelile likawa dawa ya kulevya ya daraja C, na anayeliuza akakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 14.

Leo nauliza: serikali hupata wapi mamlaka ya namna hiyo, na huyaelekeza kwa nani?

Wanafalsafa wa uhuru wa mtu binafsi, walibertari kama wanavyoitwa, wamelishughulikia swali hili muda mrefu. John Stuart Mill alishikilia mwaka 1859 kwamba dola ina haki ya kumlazimisha mtu mzima pale tu anapowadhuru wenzake. Anayejidhuru mwenyewe ashauriwe, asihiwe, hata alaumiwe, lakini asifungwe. Mwaka 1989 mchumi Milton Friedman alimwandikia barua ya wazi William Bennett, aliyekuwa akisimamia vita vya serikali ya Marekani dhidi ya dawa za kulevya. Alimwonya kwamba polisi zaidi na magereza zaidi vingezidisha balaa lenyewe. Marufuku haiondoi hamu ya mnunuzi; humkabidhi biashara yule asiyeogopa jela.

Hoja yao ninayoiona nzito kuliko zote, hata hivyo, inahusu madaraka: nani huyatumia, na dhidi ya nani. Tuitazame kwa karibu.

Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilisema ushahidi wa madhara ya miraa hautoshi kuipiga marufuku. Novemba mwaka huo kamati ya Bunge nayo ikapinga marufuku. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, alikuwa amekwisha kuamua tangu Julai. Alikuwa na sababu zake. Uholanzi ilikuwa imeifunga biashara hiyo, na Uingereza ikahofia kugeuzwa ghala la magendo. Wapo Wasomali wa Uingereza, hasa wanawake, waliolalamika kwamba waume zao wanakesha wakitafuna na mchana hawaendi kazini. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini wake wangapi wa walevi wa whisky wamelalamika vivyo hivyo kwa karne nzima bila viwanda vya Scotland kufungwa? Watafunaji wengi walikuwa Wasomali, Wayemeni na Wahabeshi, watu wachache wasio na uzito kwenye sanduku la kura.

Akikamatwa na miraa mara ya kwanza, mtu wa namna hiyo alipewa onyo. Mara ya pili faini ya pauni 60. Mara ya tatu pingu. Sasa mlinganishe na mwenye nafasi: mwaka 2019 Michael Gove, aliyeketi baraza moja la mawaziri na May, alikiri kwamba miaka ishirini hivi nyuma, akiwa mwandishi wa habari, alitumia kokeini mara kadhaa. Alisema anajuta, akaendelea kuwania uongozi wa chama chake. Simsuti kwa kosa la zamani. Ninachosema ni kwamba sheria kali ya dawa za kulevya haikuwahi kubisha hodi kwenye karamu za watu wa tabaka lake.

Tusicheke sana, kwetu Kenya mambo ni yaleyale. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, aina ya miraa, wakisema unawaharibu vijana wa Pwani. Kabla ya hapo Mombasa ilikuwa ikiyatoza ushuru magari yanayouleta. Haukupita muda mrefu, Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu, unakolimwa muguka, akatangaza kuwa marufuku hizo ni batili kwa sababu sheria ya kitaifa inautambua kama zao la kilimo. Na ukivuka mpaka wa Namanga, miraa ya Meru, ambayo Watanzania huiita mirungi, ni jinai.

Wapo waliouona uamuzi wa Ikulu kuwa ushindi wa uhuru. Mimi sikubali. Mkulima wa Embu alipewa ruhusa kwa kuwa ana kura. Mtafunaji wa London alinyimwa kwa kuwa yake haina uzito. Anayekupa haki kwa hesabu ya kura atakunyang'anya kwa hesabu hiyohiyo. Marufuku ile na ruhusa hii zimetoka mkono mmoja.

Walibertari nao wana upungufu wao. Humzungumzia mtu mzima anayechagua, wakamsahau mtoto wa darasa la saba anayeuziwa muguka kwa shilingi chache, na mke anayelisha nyumba peke yake. Kumlinda mtoto ni wajibu wa dola, na kuweka umri wa mnunuzi, kutoa leseni na kugharimia matibabu ya waraibu hakumvunjii mtu mzima uhuru wake.

Kwa hiyo napendekeza masharti matatu kwa serikali yoyote inayotaka kupiga marufuku kitu anachokitumia mtu mzima. Itangaze ushahidi wake hadharani kabla ya kura ya Bunge, na ikipuuza wataalamu wake iseme kwa nini. Ipime bia, sigara na jani kwa kipimo kimoja, bila kujali nani anavilipia ushuru. Na sheria hiyo iwe na tarehe ya kufa, ili serikali irudi kuitetea upya kwa takwimu za madhara yaliyopungua. Serikali inayoshindwa kutimiza hayo haina hoja, ina askari tu.