Uwakili wa Halmashauri: Maji, Misitu na Haki ya Jamii

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Tume ya Haki na Amani)



Nimeombwa kuzungumza juu ya wajibu wa halmashauri ya wilaya katika kutunza mazingira na kuilinda jamii. Kabla ya kikao hiki mmoja wenu aliniuliza: "Baba, hayo si mambo ya siasa?" Jibu langu ni fupi. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta maji hatumwulizi ni wa chama gani. Kiu yake ni suala la haki, na penye suala la haki Kanisa haliwezi kunyamaza.

1. Halmashauri ni wakili, si mwenye mali

Hapa Tanzania Bara halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na kuanza kazi tena mwaka 1984. Sababu ya kuwapo kwake imeelezwa katika ibara ya 145 na ya 146 za Katiba: kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanaafiki jambo hilo kwa kanuni ya auni, yaani kazi inayowezwa na jumuiya ndogo isiporwe na chombo kikubwa. Lakini jumuiya ndogo ikielemewa, chombo kikubwa kiisaidie.

Basi diwani, mkurugenzi na mtendaji hawamiliki msitu wala mto. Wamekabidhiwa. Na wakili, kama tujuavyo katika Injili, huitwa siku moja atoe hesabu ya uwakili wake.

2. Sheria inadai nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aishiye nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inadai kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Tena inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini wa ardhi, wala haiwezi kugawa ardhi hiyo bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mkikumbuka habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, mtaelewa kwa nini kinga hiyo ni ya thamani.

Kwa hiyo sheria tunazo. Kinachopungua ni watu wa kuzidai.

3. Funzo la Ruaha Mkuu

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya bonde la Usangu, hupita katika kinamasi cha Ihefu na Hifadhi ya Ruaha, hujaza mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha huungana na Rufiji. Zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na hali hiyo ikajirudia kwa miaka mingi iliyofuata. Viboko walibanana katika vidimbwi vya matope.

Hakuna aliyeamka asubuhi akakusudia kuukausha mto. Mmoja alichimba mfereji wa mpunga, jirani akachimba wake, na baada ya mavuno mifereji mingi ikaachwa wazi, maji yakapotea bure mashambani. Mifugo iliongezeka, miti ikakatwa. Kila mmoja alichukua kidogo, na jumla ya vidogo hivyo ikawa mto mzima.

Halmashauri yaweza kusema kwamba vibali vya maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Ni kweli. Lakini halmashauri ndiyo inayopitisha sheria ndogo, inayoidhinisha sheria ndogo za vijiji, na inayotoza ushuru wa mpunga. Mwenye kula mavuno ya mto hawezi kusema mto haumhusu.

4. Ushuru si ruhusa ya kuharibu

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Halmashauri nyingi hupata sehemu ya mapato yake katika vitu vinavyomaliza mazingira: mkaa, mbao, mchanga na kokoto. Katika parokia moja niliyowahi kuitumikia palikuwa na kizuizi cha ushuru barabarani. Kila jioni niliona magunia ya mkaa yakipita, na kila moja likiandikiwa stakabadhi. Mwaka wa tatu chemchemi ya kigango kilichokuwa chini ya kilima kile ikakauka. Nilipouliza ofisini ni miti mingapi imepandwa kwa fedha za mkaa, nilionyeshwa daftari la makusanyo, nalo lilikuwa safi kabisa. Daftari la miti halikuwapo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu nao ni mali. Halmashauri ihesabu kilichoingia katika mfuko wake, na vilevile kilichotoka katika kilima.

5. Boriti katika jicho letu

Ndugu zangu, sina budi kuungama. Katika parokia hiyohiyo tulijenga kanisa la kigango kwa matofali ya kuchoma. Matanuri yalikuwa matatu, na kuni zilitoka katika kilima kilekile. Niliyabariki matofali hayo, wala sikuuliza habari za miti. Papa Yohane Paulo II alikwisha kutuonya katika ujumbe wake wa Siku ya Amani wa tarehe 1 Januari 1990 kwamba amani na viumbe haitengani na amani na Mungu; na Papa Fransisko alilirudia onyo hilo kwa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015. Tusiende kwa diwani na mikono michafu. Tupande kwanza, kisha tudai.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, nao unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Huko taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na anayeuliza asionekane mkorofi.

Pili, tuombe sehemu ya ushuru wa mkaa na mchanga irudi mahali ulikotoka, kwa kupanda miti na kulinda chemchemi.

Tatu, wale kati yenu walio madiwani wasiuache ukristo wao mlangoni pa ukumbi wa baraza.

Nne, tusimwonee mchoma mkaa maskini. Yeye ana watoto wa kulisha. Halmashauri inayomfukuza msituni bila kumwonyesha riziki nyingine imetimiza nusu tu ya wajibu wake.

Mungu atujalie ujasiri wa kuuliza, na unyenyekevu wa kuulizwa.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Chanzo chetu cha maji kilikuwaje miaka 20 iliyopita, na leo kikoje?
2. Ni lini mara ya mwisho tulisomewa mapato na matumizi ya kijiji?
3. Parokia yetu imekata miti mingapi, nayo imepanda mingapi?