Uzito wa Shauri la Bi Hawa katika Mahakama za Temeke na Kinondoni

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe ilipotoa hukumu, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililohusu mgawanyo wa mali baada ya talaka. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali za wanandoa, itazame mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wengine waliona kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke na si mchango, wengine waliona ni kazi kama kazi nyingine. Hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilimaliza ubishi huo kwa kusema kazi za nyumbani ni mchango. Leo ni vigumu kubishania nyumba baada ya talaka bila kulitaja shauri hilo, iwe katika mahakama ya mwanzo au katika Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Hoja yangu ni kwamba kulitaja bado si kulifuata, na mamlaka ya jaji huonekana pale anapoeleza uamuzi wa awali unaugusaje ushahidi ulio mbele yake.

Wengi hukumbuka nusu ya hukumu ile. Bi Hawa alishinda kanuni, lakini hakuongezewa mali, kwa sababu mahakama ilizingatia pia fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia, zikapotea mikononi mwake. Kumbe kanuni hujibu kama kazi ya nyumbani inahesabika. Kiasi gani, hilo ni suala la ushahidi, na Mahakama ya Rufani imelisisitiza tena katika maamuzi ya baadaye. Tuchukue mfano wa mwanamke wa Mbagala ambaye risiti zote za saruji na nondo zina jina la mume, ilhali yeye ndiye aliyepikia mafundi, akalinda tofali zisiibwe, akanunua maji ya kuchanganyia zege. Hakimu asipoyaandika hayo kwenye mwenendo wa shauri, kisha akampa asilimia 10 “kwa kuzingatia Bi Hawa”, jina limetumika kama muhuri tu. Jaji wa rufaa naye hana cha kupima. Huyo mama hawezi kujua ameshindwa kwa sheria au kwa mazoea, na kwangu hilo ni kosa zito kuliko udogo wa asilimia yenyewe.

Wapo watakaosema kufungwa na maamuzi ya zamani kunaondoa uhuru wa jaji, ambaye kwa ibara ya 107B ya Katiba anapaswa kuzingatia Katiba na sheria za nchi tu. Pingamizi hilo lina nguvu, hasa tukikumbuka kwamba katika shauri la JUWATA dhidi ya KIUTA la mwaka 1988 Mahakama ya Rufani ilisema mahakama za chini zinafungwa na maamuzi yake hata kama zinayaona si sahihi, huku yenyewe ikibaki na nafasi ya kuachana nayo inapobidi. Lakini ngazi hiyo ya mamlaka ndiyo inayomlinda mdaawa wa Tandale asiamuliwe kwa hulka ya hakimu aliyempata siku hiyo. Na uhuru haukufutwa: jaji anaweza kuonyesha kwamba ukweli wa shauri lake ni tofauti, au akafuata huku akiandika waziwazi kwa nini Mahakama ya Rufani ilitazame upya jambo hilo. Asichoruhusiwa ni kuukwepa uamuzi wa awali kimyakimya.

Pingamizi la lugha ni gumu zaidi. Mahakama za mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, lakini hukumu ya Bi Hawa iliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hakimu mara nyingi huipokea kwa muhtasari, nao muhtasari hubeba kanuni na kuacha hesabu ya ushahidi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi kazi ya kwanza iwe kutafsiri hukumu nzima za aina hii, pamoja na sehemu ambayo Bi Hawa hakupata alichoomba, na nakala ziwekwe mezani pa kila hakimu wa mahakama ya mwanzo wa Temeke na Kinondoni.