Deni Usilolijua



Leo tunazungumza habari ya deni usilolijua. Mtu ameuza mpunga wake, anataka kununua nyumba Sumbawanga mjini. Fedha hazitoshi. Anapanda mlima hadi benki kuomba mkopo. Anaambiwa: "Ndugu, una deni hujalipa." Deni gani tena?

Benki imejuaje? Ziko kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, zinatunza kumbukumbu za wakopaji. Kanuni zake ni za mwaka 2012. Hata mkopo mdogo wa simu unaweza kuandikwa humo.

Pengine ulimdhamini jirani, naye hakulipa. Pengine ulimwazima kijana laini yako, akakopa. Ama ulimaliza kulipa zamani, lakini karani hakufuta. Hili ndilo linalotuudhi zaidi, maana mwenye kosa si wewe na anayenyimwa nyumba ni wewe.

Basi usirudi nyumbani kimya. Uliza: nani alinikopesha, lini, kiasi gani? Omba nakala ya taarifa yako, ni haki yako. Kama si kweli, andika barua ya kupinga, ambatisha stakabadhi, nawe ubaki na nakala. (Stakabadhi jamani msiwashie moto jikoni!) Kwenye simu bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na yule mwenye nyumba akikuhimiza utoe malipo ya kwanza, mwambie asubiri mpaka benki ikupe jibu kwa maandishi.