Tangazo Lisiloeleweka Halijatangazwa

Sikiliza tangazo la aina ile tunayoizoea kwenye mbao za ofisi zetu: “Wamiliki wote wa maeneo yaliyomo ndani ya ukanda wa mradi wanatakiwa kuwasilisha vielelezo vya umiliki kwa mamlaka husika kabla ya kukamilika kwa muda ulioainishwa katika waraka rejewa.” Kiswahili ni sanifu, saini ipo, muhuri upo. Haya niambie: upeleke nini, wapi, na mwisho lini?

Sasa sikiliza hili: “Kama una shamba au kiwanja mahali itakapopita barabara, lete hati au karatasi ya mauziano kwa mtendaji wa mtaa kabla ya tarehe 30 Juni. Usipoleta, jina lako halitaingia kwenye orodha ya fidia.” Mama aliyesoma hili anajua jioni hiyo hiyo afungue sanduku gani.

Watanzania tulidai kwa miaka mingi kwamba dola izungumze nasi kwa Kiswahili. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikifanya hivyo tangu zamani, lakini huko juu, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, hukumu kwa kawaida ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ulikuwa ushindi wa haki. Ila kazi haikuishia pale. Sentensi ya Kiingereza yenye maneno themanini, ikihamishwa ilivyo, huzaa sentensi ya Kiswahili yenye maneno themanini, na mwananchi akabaki palepale alipokuwa.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukishika kalamu ya ofisi tunamwandikia bosi na mkaguzi, si yule atakayesimama mbele ya ubao. Tunachukua waraka wa miaka iliyopita, tunabadilisha tarehe. Tunaandika “hatua stahiki zitachukuliwa” bila kusema nani atachukua hatua gani. Na wengine wanaogopa kwamba wakiandika kwa wepesi wataonekana hawakusoma.

Wapo wanasheria watakaosema lugha nyepesi inapoteza usahihi. Rudi kwenye matangazo yetu mawili. Lile la kwanza halina tarehe, halina mahali, halina hata jina la karatasi inayotakiwa. La pili lina vyote. Maneno mazito hayakuleta usahihi, yalificha pengo. Istilahi kama rufaa na dhamana zibaki, maana zina kazi yake. Zifafanuliwe mara moja, tuendelee.

Kwenye dawa, uzito wa jambo hili unaonekana haraka. Mtu mzima anayetibiwa malaria kwa dawa mseto humeza vidonge 24 kwa siku 3, vinne kila mara. Dozi ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza, kisha ni asubuhi na jioni mpaka dozi iishe. Asiyeelewa huacha homa ikishatulia, na vimelea vikabaki mwilini. Ndiyo sababu pakiti hupangwa dozi kwa dozi, na michoro ikamwonyesha mgonjwa ameze vingapi. Kama maelezo ya kidonge yanaweza kuandaliwa kwa uangalifu huo, mkataba wa mkopo na notisi ya kodi vinashindwaje?

Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 inayozitaka idara za serikali kuu ziandike nyaraka za umma kwa lugha inayoeleweka. Sisi tunaweza kuanza hata kabla ya sheria. Mkuu wa ofisi, kabla hujabandika tangazo, mpe mtu asiye mfanyakazi wako alisome, kisha akueleze atafanya nini. Akikosea, usimlaumu yeye, rekebisha tangazo.

Nawe msikilizaji, usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyoweza kuieleza kwa maneno yako mwenyewe. Uliza: natakiwa kufanya nini, wapi, na mwisho lini? Kuuliza si ujinga. Aliyeandika ndiye mwenye wajibu wa kueleweka.