Jirani Tusiyemtazamia

Dominika ya 15 ya Mwaka C
Injili: Lk 10:25-37



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya leo twaijua tangu tulipokuwa watoto katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Twaijua mno, hata haitushtui tena. Lakini wale walioisikia kwa mara ya kwanza walishtuka. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Kila upande uliuona upande wa pili kuwa umepotoka katika ibada. Mwanasheria alitaka kuwekewa mpaka: jirani yangu anaishia wapi, ili nijue ni nani asiyenihusu? Bwana wetu hakumpa mpaka. Alimwonyesha mtu aliyepigwa na kuachwa kando ya njia, kisha akamleta msaidizi ambaye mtu yule asingemtazamia kamwe.

Tukisikia mfano huu, sisi hupenda kujiweka katika nafasi ya Msamaria. Leo tujiweke kwanza katika nafasi ya yule aliyelala chini. Aliyelala katika damu yake haulizi kabila wala dini ya mkono unaomwinua. Kutoka pale chini, swali la mpaka halina maana tena.

Jambo la namna hii limetokea katika siku zetu, katika nchi jirani ya Kenya. Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Noeli, basi lililokuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria walijua maana ya kuvamiwa hivyo, kwa sababu mwezi Novemba 2014, katika kaunti hiyohiyo ya Mandera, abiria 28 wasio Waislamu walitengwa na wenzao wakauawa. Safari hii amri ilikuwa ileile: Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wanawake Wakristo mitandio yao wajifunike. Abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote pamoja, au wawaache wote. Watu wawili waliuawa katika shambulio lile, lakini abiria wengi Wakristo walirudi kwao wakiwa hai.

Miongoni mwa waliokataa kujitenga alikuwa mwalimu Mwislamu, Salah Farah. Alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Wale aliowatetea hawakuwa ndugu zake. Kilichowaunganisha kilikuwa nauli ya basi moja na mwendo wa saa kadhaa.

Tazameni, wapendwa, mambo mawili. La kwanza, wema huu ulitumia kile kilichokuwa karibu. Msamaria alitumia mafuta na divai ya safari yake, mnyama wake na dinari mbili. Akina mama wale walitumia kitambaa cha kichwani. La pili, wema huu ulikuwa na gharama, na aliyeulipia hakujua mapema kwamba gharama ingefika mpaka kwenye uhai wake.

Sisi watu wa Kusini si wageni wa mambo haya. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka Mto Ruvuma wakikimbia, wengine hawana kitu mkononi. Huko Rutamba, upande wa Lindi, walipewa mahali pa kukaa na ardhi ya kulima. Na hapa Nachingwea wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa, mpaka nchi yao ilipojitawala tarehe 25 Juni 1975. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema aje mgeni tunayemfahamu.

Je, leo? Pikipiki imeanguka jioni katika njia ya Ruangwa kuja Mbekenyera. Watu wanakusanyika. Mmoja anapiga picha kwa simu. Mwingine anapapasa mifuko ya majeruhi. Wa tatu, mtu mwema kabisa, anawanong'oneza wenzake: twendeni zetu, tusije tukaulizwa polisi. Hofu hiyo twaifahamu. Twafahamu habari ya fomu ya PF3, na twafahamu kwamba wapo waliosaidia kisha wakashukiwa. Tena wapo wajanja wanaojifanya wagonjwa ili wawaibie wapita njia. Lakini uhai wa mtu hutangulia karatasi.

Msamaria naye alikuwa katika njia ya wanyang'anyi, wala hakuwa mjinga. Alimfunga majeraha, akampeleka katika nyumba ya wageni, akamshirikisha mwenye nyumba ile, kisha akaendelea na safari yake. Hakubeba mzigo wote peke yake. Nasi tufanye vivyo hivyo: tuite wenzetu, tumjulishe mwenyekiti wa kijiji, tumfikishe mgonjwa zahanati, polisi wapewe habari. Busara inatufundisha namna ya kusaidia. Haitupi ruhusa ya kupita kando.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu amewahi kuinuliwa na mkono asioujua: aliyetupa nafasi katika lori mvua ikinyesha, aliyetugawia maji njiani, aliyemtolea damu mama yetu hospitalini. Wengi wao hatutawaona tena, wala hatuwezi kuwalipa. Deni hilo hulipwa kwa mgeni mwingine.

Wiki hii makatekista watusaidie kuuliza swali moja katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Hapa kwetu twaishi na Waislamu nyumba kwa nyumba, twachota maji kisima kimoja. Siku ile ingekuwa zamu yetu, na waliotakiwa kutengwa wangekuwa wao, je, sisi tungesimama mbele yao? Tusiharakishe kujibu. Jibu letu tumeanza kulitoa tayari, katika namna tunavyomtendea mtu asiye wetu siku ya kawaida, wakati hakuna bunduki.

Ee Bwana, uliyetukuta tumelala kando ya njia nawe hukupita, utufungue macho na mikono. Utuombee, ee Mama Maria, wewe uliyesafiri kwa haraka milimani kumsaidia Elizabeti.

Nawatakieni Dominika njema. Amina.