Mgeni Mwenye Kipato Kidogo: Haki Yake na Wajibu Wake



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ili waja wake wasafiri na kutafuta riziki. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyeonja uchungu wa kuuacha mji wake, pamoja na Aali zake na Sahaba zake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, kumcha Mungu. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Arusha yetu, chini ya Mlima Meru, ni mji wa wageni. Hapa yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hapa ilikaa Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Watalii nao hupita wakielekea Ngorongoro na Serengeti. Kwa ajili hiyo tumezoea kudhani kwamba kila mgeni ana mfuko mnene. Dhana hiyo si ya haki. Wamo wanafunzi waliotoka nchi jirani kuja kusoma Tengeru. Wamo vijana wa Ulaya wanaojitolea kufundisha bila mshahara. Wamo wastaafu wenye pensheni ndogo. Hawa hupanga chumba kimoja Sakina au Ngaramtoni, hupanda daladala, na huhesabu kila shilingi.

Sheria yetu imeliona jambo hili zamani. Katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, mmoja ni msafiri aliyekatikiwa njiani. Wanazuoni wameeleza kwamba hupewa hata kama kwao ni tajiri, kwa kuwa mali iliyo mbali haimshibishi aliye hapa. Hatusemi kwamba kila mgeni apewe zaka. Twasema tujifunze kutoka hukumu hiyo: mtu hapimwi kwa rangi yake wala kwa nchi yake, bali kwa hali aliyo nayo.

Tazameni sasa masoko yetu. Fungu moja la ndizi lina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Chumba kile kile, mgeni huongezewa kodi, tena hutakiwa kulipa ya miezi sita kwa mkupuo. Bwana Mtume alikataza watu kuitokea misafara njiani, kabla wenye bidhaa hawajafika sokoni na kuzijua bei. Kosa lilikuwa nini? Lilikuwa ni kuutumia ujinga wa mgeni kuwa faida. Basi anayemlaza mgeni njaa kwa sababu hajui bei, na ajiulize chumo lake lina baraka gani.

Na mgeni naye ana wajibu. Muhajirina walipofika Madina, mwaka 622, Saad bin Rabii alimwambia Abdurrahman bin Auf kwamba atamgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aoneshwe soko tu. Akaanza na biashara ndogo ya samli na jibini, na hakuwa mzigo kwa mtu. Saad alionesha ukarimu, Abdurrahman akaonesha heshima ya nafsi. Na ujirani mwema wahitaji yote mawili. Kwa hiyo mgeni na ajifunze lugha, apike chakula cha msimu, anunue siku ya soko, aepuke madeni, na atimize kanuni za Uhamiaji. Kuishi kwa kidogo si aibu. Aibu ni kujionesha kwa mali ya kukopa.

Mfano mwingine u karibu nasi. Kuanzia mwaka 1942, Tengeru ilipokea wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia, kisha wakapitia Iran. Hawakuja na mali. Walikaa katika vibanda, wakalima, wakashona, wakawasomesha watoto wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi yao ilikwisha, lakini makaburi yao yapo mpaka leo. Ardhi hii imewahi kumpokea asiyekuwa na kitu.

Tukumbuke pia kwamba wanetu nao ni wageni wa watu. Wako Muscat, Dubai na London, watano katika chumba kimoja, wakijinyima ili walete ada ya wadogo zao. Kila mzazi humwomba Mungu mwanawe apate huko muuza duka mwaminifu na mwenye nyumba mwenye huruma. Mzazi wa mgeni aliyepanga kwako naye anaomba dua hiyo hiyo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatutapona kwa kumkamua.

Ewe Mola wetu, wahifadhi walio mbali na kwao, zibariki biashara zetu kwa ukweli, na utujaalie kuwa majirani wema. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, mimi nanyi. Amin.